Uamilifu, Mgogoro au Mwingiliano: Uchague Mtazamo Upi kwa Insha ya Kwanza ya Sosholojia?

Mwanafunzi wa sosholojia, kabla hata majina ya Durkheim, Marx na Weber hayajamkaa sawasawa kichwani, hupewa kazi inayoonekana nyepesi: achague sehemu moja ya maisha ya jamii iliyo karibu naye, achague mtazamo mmoja kati ya mitatu mikuu ya somo, kisha aichambue sehemu ile kwa kurasa tano au sita. Kwa anayesoma Mwanza, awe Malimbe katika Chuo Kikuu cha Mtakatifu Augustino, awe anasoma kupitia Chuo Kikuu Huria au katika chuo cha maendeleo ya jamii kule Misungwi, sehemu inayomjia kwanza akilini mara nyingi ni mwalo, yaani pale mitumbwi inapofikia, samaki wanaposhushwa na bei zinapopangwa. Uchaguzi huo ni mzuri. Unaowaponza wengi ni ule wa pili, wa mtazamo, kwa sababu huufanya kwa kuangalia ni upi una madesa mengi, badala ya kuangalia ni upi unaoweza kulijibu swali walilo nalo wenyewe.

Nimewasaidia wanafunzi wa mwaka wa kwanza katika semina za somo hili kwa miaka kadhaa, na hapa nitailinganisha mitazamo hiyo mitatu kwa kuiweka mbele ya tukio moja ambalo wakazi wengi wa kandokando ya Ziwa Victoria wanalifahamu: kuchomwa moto kwa nyavu haramu. Kokoro limekamatwa. Ni wavu mrefu unaokokotwa kutoka majini hadi ufukweni, na ubaya wake unajulikana, kwamba hupita kwenye maji ya kina kifupi ambako samaki huzaliana na kukulia, ukazoa wadogo pamoja na wakubwa. Viongozi wa kikundi cha kulinda rasilimali za uvuvi, ambacho mwaloni watu hukiita BMU, wapo. Afisa uvuvi yupo. Mafuta yanamwagwa, moto unawashwa, na umati unatazama. Baadhi wanashangilia, wengine wamenyamaza, na mwanamke mmoja aliyekuwa akisubiri samaki wa kwenda kukaanga anaondoka na beseni lake tupu.

Anayeshika mtazamo wa uamilifu huuliza jambo lile lina kazi gani katika kuishikanisha jamii. Émile Durkheim, Mfaransa aliyeishi kati ya mwaka 1858 na 1917, alishikilia kwamba hakuna jamii isiyokuwa na uhalifu, na kwamba adhabu haimlengi mkosaji peke yake. Inawalenga hata zaidi wale ambao hawakukosa, kwa kuwa inawakusanya na kuwathibitishia kwamba kanuni yao ingali hai. Ukiutazama moto wa ufukweni kwa jicho hilo, utaona kwa nini kokoro halikuchukuliwa kimyakimya na kwenda kufungiwa stoo. Limechomwa hadharani, mbele ya vijana wanaojifunza kazi, mbele ya wachuuzi na watoto, ili mwalo mzima ushuhudie mpaka ulipo kati ya uvuvi halali na usio halali. Robert Merton, Mmarekani wa karne ya 20, aliongeza tofauti inayomfaa sana mwandishi wa insha: kazi ya dhahiri, ambayo wahusika wenyewe wanaikusudia na kuitamka, na kazi fiche, ambayo hutokea bila wao kuikusudia. Kazi ya dhahiri ya moto ule ni kuyalinda mazalia ya samaki. Kazi fiche inaweza kuwa ni kukipa kikundi cha ulinzi uzito ambao hakikuwa nao jana, au kuwaunganisha wavuvi waliokuwa wakigombana kwa kuwapa mkosaji mmoja wa kumlaumu wote.

Mtazamo huu una faida ambazo sitaki kuzidharau. Unampa mgeni wa somo ramani: kila kitu kinauliziwa nafasi yake, na hakuna kinachoachwa nje. Unakubaliana vizuri na takwimu za serikali, kama ambavyo Durkheim mwenyewe, katika utafiti wake wa mwaka 1897 juu ya watu kujiua, alitumia takwimu rasmi za nchi za Ulaya. Mwanafunzi wa leo anaweza kuanzia kwenye sensa ya mwaka 2022, iliyohesabu watu 3,699,872 katika Mkoa wa Mwanza, akauliza wingi huo unaupa mwalo majukumu gani ambayo zamani haukuwa nayo. Tena, vitabu vingi vya utangulizi huuanza mtazamo huu, kwa hiyo maelezo yake hayakosekani.

Lakini ndio mtazamo unaozaa insha dhaifu kuliko yote, na ninalisema hili kwa kuwa nami niliandika moja ya namna hiyo. Katika mwaka wangu wa kwanza niliufananisha mwalo na mwili wa mwanadamu: wavuvi nikawafanya mikono, wachuuzi miguu, viongozi kichwa, na kila kiungo nikakionyesha kinavyokitegemea kingine. Niliridhika sana nayo. Mwalimu aliyeisahihisha hakuandika maelezo marefu, pembeni ya ukurasa wa tatu aliweka maneno mawili tu, “Nani analipa?” Nilikaa na maneno hayo kwa siku kadhaa kabla ya kuelewa kwamba mfano wa mwili ulikuwa umenifanya niamini kuwa kinachofaa kwa mwalo kinamfaa kila aliye mwaloni. Merton alilikuta tatizo hilo mapema, akaeleza kwamba jambo lenye manufaa kwa sehemu moja ya jamii linaweza kuwa na madhara kwa sehemu nyingine. Ukichagua uamilifu, sentensi hiyo ya Merton isikutoke mkononi; bila yake utaandika sifa za mwalo na kuziita uchambuzi.

Swali la mwalimu wangu ndipo mtazamo wa mgogoro unapoanzia. Chimbuko lake ni Karl Marx, aliyezaliwa mwaka 1818 na kufariki London mwaka 1883, na jambo lake la kwanza ni umiliki: nani ana nyenzo za kuzalishia, na nani hana kitu cha kuuza isipokuwa nguvu zake. Mwaloni swali hili halihitaji kutafsiriwa. Mtumbwi una mwenyewe, injini ina mwenyewe, nyavu na taa zina mwenyewe, na wanaoingia majini usiku mara nyingi si hao. Samaki wanapouzwa, gharama za safari hutolewa kwanza, mafuta na chakula na barafu, kisha kinachobaki hugawanywa kati ya tajiri na wavuvi wake kwa mgawo unaotofautiana kutoka mwalo hadi mwalo. Mwanafunzi atakayefanikiwa kuipata hesabu kamili ya safari moja tu, tangu lita za petroli hadi shilingi ya mwisho aliyopewa mvuvi, ana insha mkononi.

Tena mtazamo huu unaweza kutoka nje ya ufukwe, jambo ambalo mingine miwili inalifanya kwa shida. Sangara hakuwa wa ziwa hili. Alipandikizwa katika miaka ya 1950 na 1960, akatapakaa kwa nguvu katika miaka ya 1980, na spishi nyingi za furu, samaki wadogo wa asili wa ziwa hili, zikatoweka. Kisha vikaja viwanda vya minofu, na samaki aliyevuliwa karibu na Ukerewe akawa anaelekea kwenye meza za Ulaya. Umoja wa Ulaya ulipozuia samaki wa ziwa hili kwa nyakati tofauti mwishoni mwa miaka ya 1990, kwa hoja za usalama wa chakula, uamuzi wa watu ambao hawajawahi kukanyaga Igombe ulimfikia mvuvi wa Igombe. Ukitaka kueleza uhusiano wa namna hiyo, hakuna mtazamo utakaokusaidia kama huu.

Sasa urudishe macho kwenye kokoro. Wepesi wa kufikiri utakuambia kwamba mwenye kokoro ni maskini anayeonewa. Huenda ni kweli, na huenda si kweli. Kokoro linahitaji watu wengi wa kulivuta, na anayelimiliki si lazima awe miongoni mwa wanaovuta. Kwa hiyo moto unateketeza mtaji wa mtu ambaye pengine yuko nyumbani kwake mjini, huku waliokamatwa ufukweni wakiwa vijana waliokuja kuvuta kwa ajili ya mlo wa siku. Hapa ndipo wanafunzi wengi wa mtazamo wa mgogoro wanapokosea: huwa wamekwisha kuwagawa watu katika wanyonyaji na wanyonywaji kabla hawajashuka kwenye daladala. Tajiri wa mtumbwi anaweza kuwa mjomba wa mvuvi wake, ndiye aliyemlipia matibabu mwaka jana, na deni hilo la shukrani linafunga kuliko mkataba. Mtazamo wa mgogoro unaweza kulieleza hata hilo, lakini kwa mwanafunzi aliyelisikia, siyo kwa aliyelikisia.

Max Weber, Mjerumani aliyeishi kati ya mwaka 1864 na 1920, huwekwa na wahadhiri wengi karibu na mtazamo huu, ingawa ana mguu mmoja pia katika mtazamo ninaoufikia sasa. Yeye alisema mali peke yake haitoshi kueleza nani yuko juu ya nani. Kuna heshima, na kuna nguvu ya kupanga watu katika makundi ya kutafuta madaraka. Mwaloni tofauti hizo hazifichiki. Mama mwenye mtaji mkubwa wa dagaa anaweza kuwa na fedha kuliko nusu ya wanaume wanaokaa mbele kwenye mkutano, na bado asipewe nafasi ya kuzungumza mpaka mwisho.

Mtazamo wa mwingiliano hauanzi na jamii nzima, wala hauanzi na matabaka. Unaanza na watu wawili wanaoonana. Mizizi yake iko Chicago, kwa George Herbert Mead aliyefariki mwaka 1931, na mwanafunzi wake Herbert Blumer ndiye aliyeupa jina lake mwaka 1937, akisisitiza kwamba watu huvitendea vitu kulingana na maana ambazo vitu hivyo vinazo kwao, na kwamba maana hizo huzaliwa katika kushughulika kwao wenyewe kwa wenyewe. Wa kundi hili anayewavutia wanafunzi wetu zaidi ni Erving Goffman, na nadhani sababu ni kwamba utafiti wake wa kwanza mkubwa, kati ya mwaka 1949 na 1951, aliufanya kisiwani, katika visiwa vya Shetland kaskazini mwa Uskoti, miongoni mwa watu waliojuana wote. Aliona jinsi watumishi wa hoteli ndogo walivyokuwa na sura moja mbele ya wageni na nyingine jikoni. Anayeijua Ukara au Kome hatashangaa kwamba kisiwa kilimfundisha mtu mambo hayo.

Kwa mtazamo huu, swali la kokoro si moto wala mtaji. Swali ni namna mtu mmoja anavyogeuka kuwa “mvuvi haramu.” Howard Becker aliandika mwaka 1963 kwamba ukiukaji si sifa iliyomo ndani ya kitendo, ni matokeo ya wengine kutumia kanuni na kumbandika mtu jina. Kabla ya siku ya moto, mwenye wavu yule alisalimiwa vipi? Waliojua walikuwa wakiuitaje wavu wake walipozungumza naye, na waliuitaje alipokuwa hayupo? Nani alikuwa wa kwanza kulitamka neno “haramu” mbele yake, na kesho yake nani aliacha kununua kwake, nani aliendelea lakini kwa kujificha? Majibu ya maswali haya hayapo kwenye kitabu chochote, wala hayapatikani kwa hojaji yenye visanduku vya kuwekea alama ya vema. Yanapatikana kwa kukaa.

Nikiiweka mitatu ubavu kwa ubavu kwa upande wa kazi yenyewe, tofauti ya kwanza inayomgusa mwanafunzi ni siku ya kwenda. Wavuvi wa dagaa hutegemea giza, kwa sababu taa ndiyo inayowavuta dagaa. Mbalamwezi ikiwa kali, mitumbwi mingi hupumzika. Mwenye mtazamo wa mwingiliano anapaswa kufika alfajiri za giza, mitumbwi inaporudi na wanunuzi wanapogombania, kwa maana anachokitafuta kimo katika dakika zile za vurugu. Mwenye mtazamo wa mgogoro akifika saa hiyo hatapata kitu. Hakuna atakayemweleza hesabu huku samaki wakiharibika. Yeye aende siku za mbalamwezi, watu wanaposhona nyavu na kuwa na muda wa kusimulia nani alimkopesha nani. Mwenye uamilifu atafaidika zaidi na siku ya mkutano wa kikundi, kanuni zinaposomwa na faini zinapotajwa. Nimewaona wanafunzi wakirudi na daftari tupu, wakadhani wamekosea mtazamo, kumbe wamekosea mwezi.

Tofauti ya pili ni vibali na hatari. Barua ya utambulisho kutoka chuoni, ruhusa ya uongozi wa mtaa na ya viongozi wa mwalo ni lazima kwa mitazamo yote. Lakini katika mwingiliano hatari inawaangukia wengine kuliko wewe. Mtu akikuamini na kukuonyesha anakoficha kokoro, daftari lako limekuwa ushahidi dhidi yake. Usiandike jina lake, usiandike jina la mwalo, usipige picha, na usimsimulie mwenzako bwenini. Katika mgogoro tahadhari ni nyingine: hesabu za tajiri ni siri ya biashara yake, na mvuvi aliyekupa anaweza kupoteza nafasi yake mtumbwini. Kwa uamilifu, mambo mengi unayoyahitaji husemwa hadharani, na hilo nalo ni la kuzingatia kwa mwanafunzi mwenye wiki moja tu.

Kuna jambo jingine ambalo sijaliona likisemwa vya kutosha, nalo ni wewe mwenyewe umetoka wapi. Ingetarajiwa kwamba mtoto wa wavuvi aliyekulia Kayenze ndiye anayefaa kuandika juu ya mazungumzo ya mwaloni, kwa kuwa anaijua lugha yake. Uzoefu wangu ni kinyume. Mwanafunzi wa namna hiyo hupata shida na mwingiliano, kwa sababu kila anachokiona kwake ni cha kawaida. Mchuuzi akimwita mvuvi “baba” kabla ya kutaja bei, hasikii kitu. Huyu namshauri achukue mgogoro, maana milango ya hesabu iko wazi kwake kuliko kwa mtu mwingine yeyote. Aliyetoka Dodoma au Songea, ambaye hajawahi kuona dagaa wakianikwa, namshauri achukue mwingiliano. Ugeni wake, ambao anauona kuwa upungufu, ndio utakaomfanya aulize yale ambayo wenyeji hawayaulizi.

Ukiwa hujaamua kuandika juu ya mwalo, mizani inabadilika. Sungusungu, ulinzi wa jadi uliochipuka Usukuma na Unyamwezi mwanzoni mwa miaka ya 1980, ni mada ambayo uamilifu unaimudu vizuri, mradi usisahau waliodhulumiwa kwa jina la ulinzi huo. Vilevile vyama vya ngoma vya Bagika na Bagalu, ambavyo ushindani wao umeyafunga pamoja makundi ya Wasukuma kwa vizazi. Kuhamishwa kwa wamachinga kutoka barabarani mwaka 2021, kwa upande mwingine, ni suala la nani ana haki ya kulitumia eneo la mji, na kuliandika kwa uamilifu ni kujinyima. Vikundi vya kufa na kuzikana nisingeviandikia mgogoro katika insha ya kwanza.

Kuchanganya mitazamo miwili ndani ya kurasa sita sikushauri. Chagua mmoja, uusukume mpaka unapokwama, kisha katika aya mbili za mwisho utaje wazi ulipokwama na ni mtazamo upi ungekuvusha. Wasahihishaji wengi hutafuta aya hizo kuliko utangulizi mrefu wa maisha ya Marx. Na kama hakuna lolote kati ya niliyoyataja linalokuelemea, si muda, si asili yako, si mada, basi chukua mwingiliano. Ninausifu kwa sababu nadharia utafundishwa kwa miaka mitatu, lakini kukaa mahali kwa muda wa saa nne ukitazama watu bila kuwahukumu ni jambo ambalo usipolianza mapema ni vigumu kulianza baadaye.

Hata hivyo, mwanafunzi mmoja niliyemshauri hivyo aliniacha njiani, na alifanya vyema. Alikuwa ameuona moto wa kokoro, akaandika kurasa mbili nzuri juu ya jina la “mvuvi haramu,” halafu akasimama. Kilichomkwamisha ni yule mwanamke wa beseni. Alitaka kujua kwa nini hakungoja mtumbwi mwingine, kwani asubuhi ilikuwa bado. Alimtafuta kwa siku tatu, na alipompata akaambiwa kwamba fedha za samaki alikuwa amekwisha kuwapa wavutaji jana yake, za kununulia chakula, kwa makubaliano kwamba yeye ndiye atakayechagua wa kwanza. Wavu haukuwa wake, wala hakuna aliyemtaja pale moto ulipowashwa. Mwanafunzi yule akazifuta kurasa zake mbili, akaomba siku nne za nyongeza, na akaianza insha upya kwa mtazamo wa mgogoro.